Kwanza Tazama Maji: Niliyojifunza Kanmon

Abiria wengi huvuka mlangobahari wa Kanmon, Japani, bila kuuona. Treni ya kasi ya Shinkansen inazama ardhini upande wa kisiwa cha Kyushu, masikio yanaziba kidogo, na ikiibuka tayari iko Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Handaki hilo lililofunguliwa mwaka 1975 lina urefu wa zaidi ya kilomita 18, na bahari iliyo juu yake haionekani hata kidogo. Ni hasara kubwa kwa msafiri, maana mlangobahari huu mwembamba, unaotenganisha mji wa Shimonoseki na bandari ya Moji, umeamua mambo ya Japani kuliko miji mingi mikubwa ambayo wageni huikimbilia.

Nilikuwa Kitakyushu kwa mafunzo ya kazi, na Moji ni sehemu ya jiji hilo. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilipanda treni hadi stesheni ya Mojiko, jengo zuri la mbao la mwaka 1914, nikatoka moja kwa moja kuelekea majini. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nimekua nikivuka maji kwenda shule na kurudi, kwa hiyo mahali penye pwani mbili zinazotazamana hunivuta bila kuniuliza. Mara nyingi nilikwenda na mwenzangu wa mafunzo, dada mmoja kutoka Unguja, ambaye naye bahari haimpiti.

Ushauri wangu kwa atakayefika huko ni huu: makumbusho yangoje. Tafuta benchi ufukoni, karibu na daraja, ukae utazame maji mpaka yageuke. Yatachukua saa kadhaa, basi beba chakula. Ukishaona maji yale yakigeuka, kila jiwe la kumbukumbu utakalolikuta baadaye litaeleweka. Usipoyaona, utasoma vibao vya historia ukidhani ni habari za watu tu.

Mahali pembamba kuliko pote panaitwa Hayatomo. Hapo pwani mbili zimeachana kwa mita 650 hivi. Upande wa mashariki iko bahari ya ndani ya Seto, na upande wa magharibi maji yanafunguka kuelekea Bahari ya Japani. Bahari hizo mbili hazijai kwa kiasi kimoja, wala saa zao za kujaa na kupwa hazilingani. Upande mmoja ukiwa juu, maji yote hukimbilia wa pili kupitia mlango huo, kisha baada ya saa sita hivi hurudi yalikotoka. Mkondo hubadili mwelekeo mara nne kwa siku. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, unaweza kufika noti 10, yaani kama kilomita 18 kwa saa. Chini ya daraja maji huzunguka na kuvimba kama uji unaokorogwa, na sauti yake inasikika hata magari yakiwa yanapita juu.

Ufukoni kuna ubao mkubwa wa taa unaowaambia manahodha hali ya mkondo. Kwanza inawaka herufi, E kwa mashariki au W kwa magharibi. Halafu inakuja namba ya noti. Halafu mshale, ukielekea juu kama kasi inaongezeka, chini kama inapungua. Herufi, namba, mshale, basi, mchana na usiku. Tulipokaa sisi ubao ulisoma W, 6, mshale juu. Ikatokea meli ya mizigo iliyokuwa ikipanda mkondo. Povu lilikuwa linachemka mbele yake utadhani inakimbia kufa na kupona, lakini tulipoipima kwa nguzo ya daraja ilikuwa inasogea kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baadaye nikaelewa kwa nini: kanuni za bandari zinadai kwamba meli inayokwenda kinyume cha mkondo pale Hayatomo iwe na kasi inayouzidi mkondo kwa noti 3 angalau. Noti 3 ndio huo mwendo wa miguu tuliouona. Meli iliyokuja kutoka upande wa pili, mkondo ukiwa mgongoni mwake, ilitupita kama iliyosukumwa.

Meli kubwa haziruhusiwi kupita bila rubani wa eneo hilo, na kuna kituo kinachoziongoza kwa redio saa zote. Hata hivyo ajali hutokea. Mwezi Oktoba 2009 manowari ya Japani, Kurama, na meli ya makontena ya Korea Kusini ziligongana hapo hapo chini ya daraja, na moto ukawaka. Vyombo vyote vya kisasa vilikuwepo. Mlango ni ule ule, kona ni ile ile.

Mchana ule namba zilianza kushuka, mshale ukageuka chini. Tatu, mbili, moja. Maji yakalala kabisa, na boti ndogo za wavuvi zilizokuwa zimejibanza kando zikasogea katikati. Kwa muda mfupi ungeweza kudhani ni ziwa. Kisha ubao ukaandika E.

Sasa ingia kwenye historia. Tarehe 25 Aprili 1185, katika maji haya haya, koo mbili zilizokuwa zikipigana tangu 1180 zilikutana kwa mara ya mwisho. Ukoo wa Taira ulikuwa umeishika Kyoto na ikulu yake kwa miaka mingi, kisha ukafukuzwa kutoka mji hadi mji, ukiwa na mfalme mtoto, Antoku, aliyekuwa na miaka sita hivi. Nyuma yao walikuja Minamoto, wakiongozwa na kijana hodari Yoshitsune. Taira walikuwa wazoefu wa bahari, na simulizi iliyozoeleka inasema kwamba walianza na mkondo upande wao: walisukumwa na maji, wakawabana adui zao, wakaelekea kushinda. Kisha maji yakageuka. Minamoto wakawa ndio wanaosukumwa, na Yoshitsune akaamuru mishale ilenge wapiga makasia na washika usukani. Chombo kisicho na mpiga kasia pale Hayatomo si chombo tena.

Wako wanahistoria wanaosema habari ya mkondo imetiwa chumvi, na kwamba kilichowamaliza Taira ni usaliti wa mkuu wao mmoja, Taguchi Shigeyoshi, aliyehamia kwa adui katikati ya mapigano na kuwaonyesha mfalme alipo. Lakini mimi, baada ya kuiona meli ya injini ikihangaika na noti sita, siwezi kuamini kwamba watu wa makasia walipigana pale kwa saa kadhaa bila mkondo kuwa na neno la kusema. Nadhani yote mawili yalitenda kazi pamoja.

Mwisho wake unaumiza. Walipoona wameshindwa, bibi yake yule mtoto, Tokiko, mjane wa Taira no Kiyomori aliyekuwa mkuu wa ukoo, alimkumbatia na kujitupa naye baharini. Wajapani wote wanalijua alilomwambia kabla ya kuruka: kwamba hata chini ya mawimbi kuna mji mkuu. Upanga uliokuwa mojawapo ya alama takatifu za ufalme ulizama nao. Wakuu wa Taira wakafuata mmoja mmoja. Baada ya siku hiyo mamlaka yalihamia kwa mashujaa wa upanga, na yakabaki mikononi mwao kwa karibu miaka 700.

Shimonoseki wamemjengea Antoku hekalu linaloitwa Akama Jingu. Lango lake ni la rangi nyeupe na nyekundu, limejengwa kwa mfano wa kasri la chini ya bahari, ili kwamba ahadi ya bibi itimie. Kando yake, chini ya miti, yako makaburi ya watu wa Taira, mawe madogo yaliyoota kuvu, yamesogeleana. Wavuvi wa maji hayo huvua kaa mdogo ambaye gamba lake limejikunja likafanana na uso wa mtu aliyekasirika, na wenyeji husema ni roho za Taira. Mwenzangu alisimama mbele ya makaburi yale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipozungumza alisema, “Mtoto wa miaka sita, kaka. Yeye alikuwa ameamua nini?” Sikuwa na jibu, na sidhani kwamba wale waliojenga lango lile walikuwa nalo. Walichoweza ni kutomsahau.

Hatua chache kutoka chini ya daraja kuna bustani ndogo ya ufukoni ambayo naipenda kuliko makumbusho yote ya mji ule. Zimesimama sanamu mbili zinazotazamana: Yoshitsune akiruka kutoka chombo hadi chombo, na Tomomori, jemadari wa Taira, akiwa ameinua nanga kubwa ya kujizamisha nayo. Mshindi na mshindwa wamepewa ukubwa mmoja na heshima moja. Na pembeni yao, zikielekea majini, ziko nakala za mizinga ya karne ya 19. Miaka karibu 700 inatenganisha hadithi hizo mbili, lakini mahali ni pamoja kwa sababu moja: anayetaka kupita lazima apite hapa.

Mizinga hiyo ni ya Choshu, jimbo la kitemi lililotawala upande huu. Mwaka 1863 Choshu waliamua kuwafukuza wageni kwa nguvu, wakazipiga meli za Marekani, Ufaransa na Uholanzi zilizokuwa zikipita. Septemba 1864 zikaja meli 17 za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani, zikainyamazisha mizinga kwa siku chache, askari wakashuka na kuichukua. Kijana mmoja wa Choshu, Ito Hirobumi, alikuwa masomoni London. Aliposikia kinachokuja alirudi mbio na mwenzake kuwasihi wakubwa wake wasipigane. Hawakumsikiliza. Lakini kipigo kile kiliwafunza: wakanunua silaha za kisasa, wakaungana na wengine, na mwaka 1868 wakauangusha utawala wa zamani.

Sasa panda kilima kidogo kando ya Akama Jingu, ufike Shunpanro, mkahawa wa samaki. Mwaka 1895 Ito huyo huyo, sasa akiwa waziri mkuu, aliketi hapo kama mshindi wa vita dhidi ya China. Mbele yake alikaa mzee Li Hongzhang, mjumbe wa China. Katikati ya mazungumzo Li alipigwa risasi usoni na Mjapani mmoja njiani akirudi kwenye malazi yake, akanusurika, akaendelea na kazi. Baada ya hapo alikuwa akipitia kijia cha mlimani ili asionekane, na kijia hicho bado kipo na kina jina lake. Ni njia nyembamba, ya kupita mtu mmoja baada ya mwingine, kati ya kuta za nyumba. Nilipoipita nilihisi zaidi uzito wa mkataba ule kuliko nilipotazama viti vya ukumbini.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 17 Aprili 1895. China ililazimika kuitoa Taiwan, kulipa fidia kubwa ya fedha, na kuitambua Korea kuwa huru. Japani yenyewe ikaja kuitwaa Korea mwaka 1910. Katika jumba la kumbukumbu lililo kando, ambamo chumba cha mkutano kimepangwa upya kwa meza na viti vyake, nilitafuta kiti cha Mtaiwan au cha Mkorea. Hakipo, kwa sababu hakikuwepo. Miaka kumi tu kabla yake watu walikaa Berlin kuzungumza juu ya bara letu kwa mtindo huo huo. Mchina mmoja aliyekuwa akitazama pamoja nasi alivua kofia, akasimama kimya, akatoka. Nashukuru kwamba Shimonoseki imekihifadhi chumba hicho wazi kwa kila mtu, bure, na kila mgeni aondoke na anayoyawaza.

Jambo dogo la Moji lilinifundisha mkataba huo ulivyoingia mitaani. Ng'ambo, bandari ya Moji ilipokea ndizi kutoka Taiwan, koloni jipya. Zilizokuwa zimeanza kuiva njiani zisingefika masoko ya mbali, basi wachuuzi waliziuza pale pale kwa mnada wa kuimba, wakipiga ubao kwa fimbo, wakishusha bei mpaka mtu adake. Sanaa hiyo inaendelezwa hadi leo, na siku za mapumziko unaweza kukuta mtu mzima amefunga kitambaa kichwani anaimba mistari ya ndizi mbele ya familia zinazocheka. Nilicheka nao. Mwenzangu akanunua kichane, tukakila huku tukitazama Shimonoseki, mahali ulipotiwa saini mkataba ulioifanya ndizi ile ifike Moji.

Kwa chakula, vuka kwa boti hadi Karato. Ni dakika tano, na ukipatia mkondo ukiwa na nguvu utahisi boti ikitembea upande kabla ya nahodha kuirudisha. Soko la samaki la Karato huwa na vibanda vya sushi mwishoni mwa wiki. Nenda asubuhi, kabla watu hawajajaa. Shimonoseki ndio mji wa bunju. Sisi wa pwani tunamjua bunju kama samaki wa kutupwa, na tuna haki, maana sumu yake haina dawa. Japani nayo ilipiga marufuku kumla, tangu zama za mtawala Toyotomi Hideyoshi mwishoni mwa karne ya 16. Ito Hirobumi alipompata mezani pale Shunpanro akamfurahia, na mwaka 1888 marufuku ikaondolewa kwa mkoa ule, mkahawa huo ukiwa wa kwanza kupewa kibali. Leo anayemwandaa lazima awe amesomea na kupata leseni. Anakatwa vipande vyembamba mno, vinavyopangwa kwenye sahani ya maua mpaka maua ya sahani yanaonekana kupitia nyama. Nilimla: mgumu kidogo, ladha ya upole. Mwenzangu alikataa katakata na simlaumu. Nawaomba ndugu zangu wa pwani mtu asijaribu jambo hili nyumbani kwa bunju wa kwetu.

Kisiwa cha Ganryujima, ambako mpiga upanga Miyamoto Musashi anasemekana kumshinda mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa upanga wa mbao mwaka 1612, kinafikika kwa boti pia. Watoto watakifurahia. Mimi kilinitosha mara moja.

Vita vya Pili vya Dunia vilipita hapa navyo. Moji ilikuwa bandari ya kuwasafirisha askari, na mwezi Machi 1945 ndege za B-29 za Marekani zilianza kutega mabomu ya majini katika mlangobahari huu ili chakula na mafuta visipite. Ni akili ile ile ya Choshu na ya Minamoto, safari hii kutoka angani.

Nimeacha mwisho kile kilichonigusa mimi binafsi. Daraja la Kanmon, la kuning'inia, lilifunguliwa Novemba 1973, lina urefu wa mita 1,068, na usiku taa zake zinapendeza. Lakini ni la magari tu. Mtu wa miguu ana njia yake, na aliipata miaka 15 mapema: handaki la mwaka 1958 lenye ghorofa mbili, magari juu, watu chini. Unaingia kwenye lifti kubwa ufukoni, unashuka zaidi ya mita 50, unatokea kwenye njia ya mita 780 yenye mwanga. Hulipi chochote. Mwenye baiskeli analipa yen 20 na anaisukuma. Katikati kuna mstari sakafuni unaotenganisha mkoa wa Fukuoka na wa Yamaguchi, na kila mtoto anataka kupigwa picha mguu mmoja huku, mwingine kule. Tulikuta wazee wakitembea kwa mazoezi, kwenda na kurudi, taulo shingoni. Mmoja, mwenye fimbo, alitusalimia kwa kuinama, akaonyesha juu kwa kidole, akafanya mkono wake uende mbio kama maji. Tukamwelewa. Mkondo wa noti 6, 7, 8 ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu, na yeye alikuwa anatembea taratibu.

Mtu wa Likoni hawezi kupita pale bila kuwaza. Kwetu umati wa miguu unasubiri feri kila asubuhi na kila jioni, na Mombasa haijasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, wengi wao wakienda zao kazini. Sasa Kenya inapanga daraja kubwa la kuvuka pale kwa msaada wa Japani, na litahitaji kuwa juu sana ili meli za Kilindini zipite chini yake. Daraja la juu hivyo ni safari ndefu kwa mama mwenye mzigo kichwani. Katika ripoti ya kumaliza mafunzo niliandika ukurasa mzima juu ya zile lifti mbili na ile njia ya mita 780. Na kila mkutano wa hadhara utakapoitishwa juu ya daraja la Likoni, nitakuwepo kuuliza mtu wa miguu atapita wapi, na nani atampandisha.